Kusoma Ng'ambo: Tuulize Kwanza Tusomee Nini

Jioni moja bwenini kwetu hapa Bulyaga, mvua ikinyesha kama ilivyo desturi yake katika Tukuyu, tulikuwa tukiulizana kila mtu atakwenda kusoma wapi baada ya Kidato cha Sita. Mmoja alisema Uchina, wa pili Uturuki, wa tatu Kanada, na wa nne akasema popote penye theluji. Tulicheka sana. Lakini nilipowauliza, "Na huko mtasomea nini?" kicheko kilikatika, kisha mmoja akajibu, "Nitajua nikifika." Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sisemi kwamba kwenda ng'ambo ni jambo baya. Ninalosema ni kuwa twaanzia mwisho: twachagua nchi kwanza, na somo twamwachia mtu mwingine atuchagulie. Yafaa somo litangulie na nchi ifuate.

Katika ukoo wetu yuko kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyepelekwa ng'ambo kwa matumaini makubwa. Wazee waliuza ng'ombe wawili wa maziwa, wakakopa kwa kutegemea chai iliyokuwa bado haijachumwa, wakampa fedha wakala mmoja aliyeahidi nafasi ya udaktari. Kaka alipofika alikuta jina lake limeandikwa katika masomo ya biashara, na mafundisho yote ni kwa lugha asiyoijua hata neno moja. Alivumilia mwaka mzima, kisha akarudi. Wakala hakurudisha hata senti. Baba mkubwa hakumkaripia mwanawe, ila mpaka leo zizi lake lina sehemu mbili tupu, wala hataki mtu aweke kuni pale.

Nimewaza sana juu ya habari hiyo. Wakala alikuwa na makosa, hapana shaka. Lakini na sisi tulikuwa na letu, maana katika mkutano wote wa ukoo watu waliuliza nauli ni kiasi gani na baridi ni kali namna gani, basi. Hakuna aliyeuliza somo lafundishwa kwa lugha gani. Katika Uchina na Urusi, kwa mfano, mara nyingi mgeni hutumia mwaka wa kwanza kujifunza lugha ya wenyeji kabla hajaanza masomo yenyewe. Wala hakuna aliyeuliza kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania yaitambua shahada ya chuo kile. Tena daktari aliyesomea ng'ambo hawezi kutibu watu hapa kwetu mpaka aandikishwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mhandisi vivyo hivyo kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Maswali haya huulizwa kabla ng'ombe hajatoka zizini.

Kuna mfano mwingine ambao kila mwanafunzi wa Tanzania angepaswa kuujua. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha huko Tabora kabla ya kupata nafasi ya kwenda Uskochi mwaka 1949. Alipofika Edinburgh alianza kwa kozi fupi ya kemia na fizikia. Lakini ilipofika Oktoba mwaka ule ule aliingia katika shahada ya sanaa, akasoma uchumi, historia, sheria za katiba na falsafa, akamaliza mwaka 1952. Miaka miwili baadaye, yaani 1954, aliongoza kuanzishwa kwa TANU. Mimi sidai kwamba sayansi ni duni. Angalia mwisho wa maneno yangu utaona nimechagua nini. Ninachokiona ni kuwa Mwalimu alisafiri akiwa mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi, anayejua nchi yake inakosa nini, na kwa hiyo aliweza kugeuza njia mapema bila kupotea.

Sasa tutazame hapa kwetu. Rungwe yakosa nini? Chai tunayo, ndizi, viazi, maparachichi na maziwa. Haya yote yana elimu yake, na nyingi yapatikana Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine bila kupanda ndege. Lakini tukipanda mlima Ngozi na kutazama ziwa lile lililolala ndani ya kreta, chini yake mna moto wa ardhi. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania imekuwa ikichunguza Ngozi, na Kiejo-Mbaka pia, ili joto hilo lizalishe umeme. Wenzetu wa Kenya wamekuwa wakipata umeme wa namna hiyo kutoka Olkaria tangu 1981. Na wataalamu wao wengi walikwenda kujifunza wapi? Iceland, nchi ndogo yenye volkano kama sisi, ambako mafunzo ya jotoardhi kwa watu wa mataifa mengine yalianza kutolewa mwaka 1979. Nani katika bweni letu aliyeitaja Iceland? Hakuna, ijapokuwa theluji wanayo tele! Tena mafunzo yale ni ya miezi sita kwa mtu mwenye shahada na kazi tayari. Basi shahada ya kwanza ya jiolojia aweza kuipata Dar es Salaam au Dodoma, na ng'ombe wa baba wakabaki zizini.

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumejaza fomu za kuchagua tahasusi. Wengi walinakili fomu ya jirani. Hawakujua kwamba hapo ndipo safari ya ng'ambo inapoanza, maana aliyeacha hisabati leo hatapokewa uhandisi kesho, awe Mbeya au Ulaya. Nawaomba walimu wetu wapendwa, Siku ya Wazazi ijayo watupe saa moja tu ya kuzungumza jambo hili mbele ya baba na mama zetu, kwani wao ndio watakaouza mali.

Mimi nimeandika Fizikia, Jiografia na Hisabati. Baba alitaka niandike Fizikia, Kemia na Biolojia ili niwe daktari badala ya kaka. Tulizungumza likizo iliyopita hadi taa ikazimika, na bado hatujakubaliana.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne