MILANGO ILIFUNGWA NA NANI?

Kila yanapotokea maafa katika uwanja wa mpira, wakubwa hutoka upesi kusema kuwa ni kazi ya wahuni. Neno hilo ni rahisi mno, nasi hatulikubali zima zima.

Tazameni Accra, Ghana, tarehe 9 Mei, 2001. Asante Kotoko ya Kumasi ilitangulia kufunga, kisha Hearts of Oak ikatia mabao mawili mwishoni. Wapenzi wa Kotoko wakang'oa viti vya plastiki wakavirusha uwanjani. Hilo ni kosa, wala hatulitetei. Kiti kile ni mali ya wananchi. Lakini kiti hakikuua mtu. Askari walipiga mabomu ya machozi kwenye majukwaa yaliyojaa watu, watu wakakimbilia milango, na milango ilikuwa imefungwa! Zaidi ya watu 120 walikufa kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Tume iliyochunguza ilisema askari walipita kiasi. Maofisa sita walishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama ikawaachilia.

Sasa tuseme na ninyi, ndugu wapenzi wa mpira. Huko Port Said, Misri, tarehe 1 Februari, 2012, Al Masry iliifunga Al Ahly 3-1. Mwenye kushinda ana hasira gani? Hata hivyo wapenzi wa Al Masry ndio walioingia uwanjani na visu na marungu, wakawavamia wageni wao waliotoka Cairo. Watu 74 walikufa. Askari walikuwapo, wakatazama. Na huko nako lango la wageni lilikuwa limefungwa.

Kwetu, Jangwani na Msimbazi huitana watani, na utani una adabu yake: mtani hukucheka hata msibani, lakini jeneza hulibeba. Ampigaye mwenziwe kwa ajili ya jezi si mtani tena.

Lakini ngumi si lazima ziwepo ndipo watu wafe. Mei 2023, kabla Yanga haijacheza na USM Alger, mtu mmoja alikufa na 30 wakaumia katika msongamano kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wale walikuja kushangilia tu.

Basi twawauliza wenye viwanja, nao watujibu kabla ya mechi kubwa ijayo: funguo za kila mlango anazo nani, naye atakuwa amesimama wapi filimbi ya mwisho ikilia?