Jumlisha Bei Kabla ya Kumtafuta Farasi

Leo nataka tuongee kuhusu mbio za farasi na lahajedwali, yaani ile programu ya majedwali ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Excel, ingawa LibreOffice Calc ambayo ni ya bure inafanya kazi hiyo hiyo. Najua kuna atakayeuliza: mwandishi wa programu na mbio za farasi wapi na wapi? Subirini kidogo.

Hapa Nairobi farasi wamekuwa wakikimbia katika uwanja wa Ngong tangu 1954. Lakini kijana wa leo hana haja ya kufika Ngong. Simu yake inamletea mbio za Uingereza na za Afrika Kusini, na M-Pesa, iliyoanza 2007, inalifikisha dau lake kabla hajamaliza kunywa chai. Hapo ndipo wanapojitokeza watu wanaomuuzia faili ya Excel "iliyojaa fomula" na kumwambia kwamba ndani yake mshindi anajulikana mapema.

Msimamo wangu ni huu: fomula za lahajedwali ni chombo kizuri sana cha kuchunguza mbio za farasi, lakini kazi yake ya kwanza si kumtaja mshindi. Kazi yake ya kwanza ni kukuonyesha unauziwa nini na kwa bei gani. Anayeiruka hatua hiyo anateka maji kwa kikapu, hata fomula zake ziwe ndefu kama gari moshi la mizigo.

Tuanze na mfano. Chukua mbio moja yenye farasi sita. Bei nitakazotumia nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe rahisi. Ninaposema bei nina maana ya ile namba ambayo kampuni ya kamari inaiweka mbele ya jina la kila farasi. Bei ya 5.00 maana yake ukiweka shilingi 100 na farasi huyo akashinda, unapokea shilingi 500, dau lako likiwa humo humo. Safu ya A andika majina. Safu ya B, kuanzia B2 hadi B7, andika 2.50, 3.50, 5.00, 7.00, 10.00 na 15.00. Kisha nenda C2 uandike:

=1/B2

Iburute fomula hiyo hadi C7. Kila bei imegeuka kuwa uwezekano. Farasi wa kwanza anapewa asilimia 40, wa pili karibu 28.6, wa tatu 20, wa nne 14.3, wa tano 10, na wa mwisho 6.7. Sasa kwenye C8 andika:

=SUM(C2:C7)

Jibu ni 1.195, yaani asilimia 119.5. Hapa naomba tusimame kidogo. Mshindi ni mmoja tu (tuyaweke kando yale matukio machache ya kufika sare), kwa hiyo uwezekano wa farasi wote ukijumlishwa unapaswa kuwa asilimia 100, si zaidi. Hiyo 19.5 ya ziada ni ya nani? Ni ya mwenye kamari. Ukitaka uhakika wa kupokea shilingi 1,000 yeyote yule akishinda, itabidi uweke karibu shilingi 1,195 kwa jumla. Shilingi 195 zimekwenda hata kabla farasi hawajatoka langoni.

Fomula mbili, dakika tano, na tayari unajua jambo ambalo tangazo la kamari halitakuambia kamwe. Ndiyo maana nasema hii ndiyo fomula ya kwanza. Mwalimu wa kompyuta anayetafuta mfano wa kufundishia SUM aachane kidogo na orodha ya bei za sukari na unga, awape wanafunzi hii.

Hatua inayofuata ni kuondoa lile fungu la mwenye kamari ili uone soko linafikiri nini hasa. Kwenye D2 andika:

=C2/C$8

Alama ya dola inaifunga seli ya jumla isihame unapoburuta. Yule farasi wa asilimia 40 sasa ana asilimia 33.5. Chukueni namba hiyo kama makadirio, kwa maana mwenye kamari hakati sawasawa kwa kila farasi. Tangu 1949 watafiti wameandika kwamba watu hupenda mno kuwawekea pesa farasi wasiotarajiwa, kwa hiyo mara nyingi farasi hao huuzwa ghali kuliko thamani yao. Yule wa 15.00 anayekuahidi utajiri ndiye mara nyingi anayekukata zaidi.

Zipo kamari za aina nyingine ambako hakuna kampuni inayopanga bei. Pesa za wachezaji wote zinatiwa kapu moja, mwenye uwanja anatoa fungu lake, na zinazobaki wanagawana walioshinda. Mfumo huo uliasisiwa na Joseph Oller huko Paris mwaka 1867, na ndio unaotumika Hong Kong, ambako kwa dau la mshindi fungu linalokatwa ni asilimia 17.5. Kapu hili halibadilishi hoja yangu. Fungu lipo, na linakatwa kwanza.

Sasa tuje kwenye data yenyewe, maana hapa ndipo faili nyingi zinapoharibika kimya kimya. Uingereza bei bado huandikwa kwa sehemu, kama 5/2 au 100/30. Ukiandika 5/2 kwenye Excel, programu inadhani umeandika tarehe. Ndani ya seli inahifadhi namba kubwa kuliko 45,000, na fomula yako ya =1/B2 inaleta uwezekano wa karibu sifuri. Ile 100/30 haiwezi kuwa tarehe, kwa hiyo inabaki maandishi, na fomula inakupa kosa. Dawa ni kuandika =5/2+1, upate 3.50 iliyo safi.

Kuna mtego mbaya kuliko huo. Kijana mmoja mtaani kwetu aliniletea faili aliyouziwa kwa shilingi 1,500 akitaka niithibitishe. Ilikuwa na rangi nzuri, na ilipanga farasi kwa wastani wa nafasi walizomaliza katika mbio nne za mwisho, kwa fomula ya =AVERAGE. Tatizo ni kwamba katika mbio za kuruka viunzi, farasi aliyeanguka huandikiwa herufi F, na aliyesimamishwa njiani huandikiwa P. AVERAGE hairuki seli tupu peke yake, inaruka na herufi pia. Farasi mwenye 1, P, F, 2 anapata wastani wa 1.5. Mwenzake mwenye 2, 3, 2, 1 anapata 2. Kwa hiyo faili inamtanguliza farasi ambaye mara mbili kati ya nne hakufika mwisho! Hakuna onyo lolote linalotokea kwenye kioo. Anayetaka kujua ukweli aongeze fomula hii kando ya ile ya wastani, matokeo yakiwa H2 hadi H5:

=COUNT(H2:H5)/COUNTA(H2:H5)

COUNT inahesabu namba pekee, COUNTA inahesabu chochote kilichoandikwa. Jibu la 0.5 lina maana farasi wako anamaliza nusu tu ya mbio zake. Kijana huyo alikuwa tayari ameweka pesa ya kodi ya nyumba kwa kufuata orodha ile. Ndiyo sababu silichukulii suala hili kama mchezo.

Na msisahau zile mbio zinazoonyeshwa kwenye runinga za maduka ya kamari kila baada ya dakika chache, farasi wa kuchorwa na kompyuta. Mimi ni mwandishi wa programu, kwa hiyo nawaambieni waziwazi: pale hakuna farasi, hakuna mkufunzi, hakuna tope. Kuna programu inayotoa namba za nasibu. Kukusanya matokeo yake ya mwezi mzima ili "kuona mwenendo" ni sawa na kuandika historia ya shilingi inayorushwa hewani.

Wapo watakaonijibu kwamba kuna watu walioshinda kwa hesabu. Kweli wapo, na mashuhuri wao ni Mmarekani Bill Benter. Katikati ya miaka ya 1980 alikwenda Hong Kong na mwenzake Alan Woods, akaandika programu ya kukadiria uwezekano wa kila farasi, akitumia mbinu ambayo Ruth Bolton na Randall Chapman waliieleza katika makala yao ya 1986. Benter mwenyewe alichapisha ripoti ya kazi yake mwaka 1994. Isomeni vizuri habari hiyo kabla ya kuitumia kama ushahidi. Hong Kong ina viwanja viwili, Happy Valley na Sha Tin, na farasi wale wale hukutana tena na tena katika mbio zaidi ya 800 kwa msimu. Data ipo tele. Hata hivyo msimu wa kwanza ulimeza sehemu kubwa ya mtaji wao. Na jambo lililomsaidia sana baadaye ni kukubali kwamba bei za umma zina akili ndani yake, akazichanganya na makadirio yake mwenyewe badala ya kuzidharau. Mtu huyo, pamoja na timu na kompyuta zake, aliliheshimu soko. Sembuse faili ya shilingi 1,500?

Anayebisha nampa mtihani, na hautamgharimu hata senti. Kabla ya mbio, andika kwenye safu ya E uwezekano wako mwenyewe kwa kila farasi, jumla iwe 1. Baada ya mbio, kwenye safu ya F mwandikie mshindi 1 na wengine 0. Kisha linganisha:

=SUMXMY2(E2:E7,F2:F7)
=SUMXMY2(D2:D7,F2:F7)

Ya kwanza inapima umekosea kiasi gani wewe, ya pili soko limekosea kiasi gani. Namba ndogo ndiyo bora. Fanya hivyo kwa mbio 200, si mbio tatu za Jumapili moja. Kama soko linakushinda, umeokoa pesa. Kama unalishinda, bado hujamaliza. Andika =E2*B2, na jibu lisipozidi 1, dau hilo linakula mtaji. Tazama yule farasi wetu wa kwanza: 0.335 mara 2.50 ni karibu 0.84. Yaani hata ukiwa na akili sawa na soko lote, kila shilingi 100 zinarudi kama 84.

Na usichuje data mpaka ikuambie unachotaka kusikia. Ukijaribu kanuni 100 zisizo na maana yoyote ("farasi wa kijivu, Jumapili, baada ya mvua"), kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5 karibu kanuni tano zitaonekana kuwa za kweli kwa bahati tu. Tengeneza kanuni kwa data ya mwaka mmoja, ijaribu kwa data ya mwaka mwingine ambayo hukuigusa.

Wapo pia watakaosema kamari ni dhambi na sistahili kuigusa hata kwa hesabu. Nawaheshimu, na sina nia ya kumfundisha mtu kucheza. Lakini matangazo tayari yamo simuni mwa watoto wetu, na kumkataza kijana bila kumwonyesha ile 119.5 hakumsaidii sana. Akiiona kwa macho yake, kwa fomula aliyoiandika yeye, hana haja ya kuhubiriwa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lahajedwali ni daftari linalojua kujumlisha. Mwenye rafiki anayetaka kununua "mfumo wa uhakika", amwombe muuzaji vitu viwili tu: jumla ya ile safu ya C, na orodha ya makadirio 200 yaliyoandikwa kabla ya mbio. Akiviona vyote viwili, tuongee tena. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.