Mwanamke Akileta Mzigo Hongera, Akiangalia Mji Ameharibika?



Tumechoka. Sisi wanawake tunaokwenda Istanbul kuchukua mzigo, mitandio, magauni ya stara, nguo za watoto za Sikukuu na jora za krepi za mafundi wenzetu, tukirudi tunapokewa vizuri sana muda ule mabegi yanapofunguliwa. Kila mtu anataka chake. Lakini ikionekana picha moja tu, mtu amekaa kwenye feri, bahari nyuma yake, mkononi hana mfuko wa duka, hapo ndipo maswali yanapoanza. Huyu alikwenda biashara au alikwenda kutembea? Nani alimruhusu? Watoto kawaacha na nani?

Hayo maswali hayaulizwi begi linapofunguliwa. Angalieni vizuri. Anayebeba kilo arobaini za nguo mgongoni ni mchapakazi, mtoto wa watu, kajitahidi. Aliyepanda feri kwa nauli ndogo kabisa Jumapili moja, siku ambayo maduka yamefungwa na hana la kufanya, huyo ameshaharibika. Safari ni ile ile, viza ni ile ile, ushungi ni ule ule.

Na wanaosema zaidi ni wale wa barazani. Kaka zetu na baba zetu wanakunywa kahawa pale Jaws Corner wanakupa habari za London, Muscat na Toronto kama waliamka huko asubuhi. Mwanamme akifika Dubai akazunguka siku tano hana hata soksi aliyonunua, anaambiwa katembea, kapanua akili. Sisi tukipanua akili inakuwa tumepanua kitu chengine.

Wanaotumia dini kutunyamazisha ndio tunaotaka kuzungumza nao kwanza. Suala la mahramu tunalijua. Tunajua hadithi zake na tunajua wanavyuoni wanavyokhitalifiana: wapo wanaokataa safari yoyote bila mahramu, wapo wanaoruhusu kukiwa na usalama na kundi la wanawake wanaoaminika. Serikali ya Saudia yenyewe mwaka 2022 ilitangaza kuwa mwanamke anaweza kwenda Hija na Umra bila mahramu. Hatutoi fatwa hapa. Kila mmoja amuulize shekhe wake, aelewane na mumewe, na asiondoke nyumbani kwa ugomvi. Lakini tunasema hivi: kama safari ya kwenda kununua mzigo umeiruhusu, basi umeshairuhusu safari. Huwezi kuruhusu miguu iende Laleli halafu ukaharamisha macho yasione Süleymaniye, ambao uko mwendo wa robo saa kwa miguu. Hiyo si dini, hiyo ni kutaka faida ya mwanamke bila ya mwanamke mwenyewe.

Qur'ani inaamrisha watu watembee katika ardhi na watazame. Haikusema wanaume watembee na wanawake wahesabu kilo. Na Hija, ambayo ndiyo safari kubwa kuliko zote, mamilioni ya wanaume wanakwenda mbio baina ya Safa na Marwa kwa kufuata nyayo za nani? Za Bi Hajar, mwanamke aliyekuwa peke yake jangwani na mtoto mchanga, anatafuta maji. Wakati wa Harun al-Rashid, mkewe Zubayda alitoa mali yake kuchimba visima na kujenga vituo katika njia ya mahujaji ya kutoka Kufa mpaka Makka, na njia hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mama yetu Khadija misafara yake ya biashara ilikuwa inafika Sham. Sasa mtu anatwambia mwanamke na safari ni vitu viwili mbali. Amevisoma wapi?

Tuje Istanbul yenyewe, maana wengi wetu tumekwenda mara nne, mara tano, na mji hatuujui. Tunatua, tunachukuliwa na dalali, hoteli Laleli, duka, duka, duka, ofisi ya mzigo, hoteli, uwanja wa ndege. Sala zote chumbani. Chakula ni wali wa kwenye sufuria ya umeme tuliotoka nayo nyumbani. Halafu tunarudi tunasema Istanbul kuna baridi.

Watu wanaita huko kujitunza. Sisi tunaita kujifunga, na kunatugharimu pesa. Dalali anayekupeleka duka hakupeleki kwa sababu anakupenda, analipwa na mwenye duka, na malipo yake yamo ndani ya bei ya gauni lako. Asiyeujua mji hana njia ya kujua hilo. Mwenzetu mmoja, fundi mzuri kabisa wa abaya, kwa miaka mitatu alikuwa anauziwa kitambaa kilekile kwa bei ya juu kwa sababu hakupata kuvuka barabara moja bila ya mtu wa kumshika mkono. Siku alipopanda tramu peke yake mpaka Merter akakikuta, alikaa kwenye ngazi za duka akapiga mahesabu ya miaka mitatu. Hakusema neno mpaka Magharibi.

Kwa hiyo kuangalia mji si anasa. Tunaandika yafuatayo kwa wale watakaokwenda baada yetu, na wenye kununa wanune.

Tramu ya T1 ndiyo mama yenu. Inapita hapohapo Laleli. Ukielekea upande mmoja unafika Merter, kuna kituo kabisa kimeitwa kwa ajili ya soko la nguo, na huko bei ni za jumla kweli. Ukielekea upande wa pili unapita Beyazıt penye Soko Kuu lile lililofunikwa, unafika Sultanahmet, kisha Eminönü baharini. Anayetaka magauni ya kiwango cha juu ateremke kwa miguu mpaka Vezneciler, achukue metro ya M2 moja kwa moja mpaka Osmanbey. Nunua kadi ya Istanbulkart, tia pesa, hiyo hiyo inafanya kazi kwenye tramu, metro, basi na feri. Teksi iacheni kwa siku ya mabegi.

Madukani ya jumla hawauzi moja moja. Wanauza kwa seri, yaani pakiti yenye saizi zote za nguo ile. Uliza saizi zilizomo kabla hujalipa, kwani wateja wetu huku Unguja na Pemba wana miili yao, na seri yenye saizi ndogo tatu itakulalia dukani mpaka Sikukuu ya mwakani. Mafundi, guseni kitambaa, kikunjeni ndani ya kiganja, kihesabuni mpaka kumi, kiachieni. Kikibaki na makunyanzi, krepi hiyo ni ya jina tu. Pesa ziwekwe sehemu mbili, kibindoni na mahali pengine. Na mzigo wa mtu usiyemjua usiubebe, hata akiwa anakuita dada mpaka machozi yanamtoka.

Sala sasa. Misikiti ni mingi kuliko mnavyodhani, na wanawake wanaingia kwa uwazi. Tafuta kibao kilichoandikwa kadınlar, hapo ni kwa wanawake, mara nyingi nyuma au ghorofani. Kwenye majengo ya biashara tafuta neno mescit, ni chumba cha kusalia. Mtu asikose Adhuhuri kwa kusema hakujua mahali. Na jambo hili limetuhangaisha muda mrefu, wenzetu wanapunguza sala kwa siku kumi nzima: kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukitoa ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya kupunguza imekwisha pale unapofika. Muulizeni shekhe kabla ya kuondoka, si kwa kumpigia simu Laleli usiku wa manane. Juni jua linazama baada ya saa mbili na nusu usiku, Disemba kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anayepanga ratiba yake kwa saa za Unguja atakosa vyote viwili, sala na maduka.

Hagia Sophia iliyorudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, kuna habari inazunguka kwetu kwamba kuingia ni pesa. Watalii wa kuangalia ndio walioanza kutozwa yuro 25 mwaka 2024, na wao wanapelekwa roshani ya juu. Anayekwenda kusali ana mlango wake na halipi kitu. Wangapi miongoni mwetu wamefika mpaka mlangoni wakageuka? Kwa nini hakuna aliyewaambia? Kwa sababu waliokwenda kabla yao waliogopa kusema walikwenda.

Na hapa ndipo panapotuuma zaidi. Eminönü kuna Msikiti Mpya, wao wanauita Yeni Cami. Ulianzishwa mwaka 1597 na Safiye Sultan, mama wa mfalme, ukasimama miaka mingi, ukamaliziwa miaka ya 1660 na mwanamke mwengine, Turhan Sultan, naye mama wa mfalme. Soko la viungo lililo pembeni yake, lile tunaloingia kununua zafarani na lokum za zawadi, lilijengwa kama sehemu ya msikiti huo ili kodi ya maduka iuendeshe. Ni wakfu wa mwanamke. Sisi wanawake wa biashara, kutoka kisiwa kilichojaa nyumba za wakfu, tunapita ndani ya soko lile tukipigania bei ya pistachio, na hatujui kwamba tunatembea ndani ya sadaka ya mwanamke mwenzetu ambayo bado inasimama baada ya miaka zaidi ya mia tatu na nusu. Huo ndio ujinga wanaoutaka wale wanaosema tusitembee.

Mtu aliyejua hilo hawezi kurudi Darajani akiwa vilevile. Atafikiri, duka langu hili, siku nitakapoondoka duniani, litaendesha nini? Hilo ni swali la kiimani, na limetoka kwenye matembezi.

Vukeni sasa kwa feri, kutoka Eminönü mpaka Üsküdar, ni kama dakika ishirini, na mkiteremka mmeshahama bara, mko Asia. Mbele yenu penye gati kuna msikiti wa Mihrimah Sultan, binti wa Sultan Süleyman, uliojengwa na Sinan ukamalizika 1548. Mlimani kuna wa Nurbanu Sultan. Na karibu na makaburi makubwa ya Karacaahmet kuna msikiti wa Şakirin, uliofunguliwa 2009, ambao mapambo yake ya ndani yalibuniwa na mwanamke, Zeynep Fadıllıoğlu. Taa yake inaning'inia kama matone ya mvua. Fundi wa nguo akikaa chini ya taa ile anapata mishono ya mwaka mzima, na sehemu ya wanawake pale si kijichumba cha nyuma ya viatu, ni pahala unaona kila kitu. Tulikaa mpaka Alasiri, hakuna aliyetuuliza tumekuja na nani.

Sasa na nyinyi dada zetu wa upande wa pili, msidhani tumewasahau. Kuna wanaochukua pesa ya mchezo zamu haijafika, wakaenda wakapiga picha mia mbili, wakarudi na deni, halafu wanajiita wasafiri. Nyinyi ndio mnaowapa wale wa barazani maneno ya kusema. Pesa ya skuli ya watoto haisafiri. Pesa ya mzigo ya wateja haipandi feri. Tenga yako ya kutembea tangu nyumbani, hata ikiwa laki moja, ijulikane kabisa kuwa ni ya kutembea, na mume aijue. Mwanamke anayeiba matembezi yake ndani ya safari ya biashara anakubali bila kujua kwamba matembezi ni wizi.

Na habari ya watoto. Watoto wana baba. Wana bibi, wana mama wadogo, wana majirani. Baba akienda bara miezi mitatu hakuna anayeuliza kawaacha na nani.

Wale mnaokata tiketi mwezi ujao, msikubali kukatiwa ya kurudi Jumamosi usiku ili "msipoteze siku". Kateni ya Jumatatu. Jumapili Soko Kuu linafungwa na maduka mengi ya Laleli yanafungwa, dalali amelala, na feri ya Üsküdar inafanya kazi kutwa.