Televisheni Haimjibu Mtoto

Mtoto wa Kiislamu akizaliwa huadhiniwa sikioni. Maneno hayo hutoka kinywani mwa mtu aliyempakata. Vipi basi, hata mwaka haujatimia, tunamkabidhi televisheni na simu zimfunze kusema?

Wako wazee wasemao: "Mwacheni atazame katuni, atajua Kiingereza." Wengine husema: "Lugha haifunzwi, mtoto huzaliwa nayo." Kauli zote mbili twazikataa, na hoja zetu ni hizi.

Kauli ya pili ni ukweli nusu. Noam Chomsky wa Marekani, alipompinga mwenziwe B. F. Skinner mwaka 1959, alikataa kuwa mtoto hupata lugha kwa mazoea na kutuzwa tu. Akashikilia kuwa anazaliwa na kipawa chake. Kipawa hatukikanushi. Lakini hata mbegu ina uhai ndani yake, na bila ya maji haioti. Jerome Bruner, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alieleza maji hayo ni yepi: ni kupokezana baina ya mtoto na mlezi wake. Mama hujifunika uso na kuufunua, mtoto akacheka. Humwonyesha kitu, humwuliza ni nini, humngoja, kisha humtajia. Akikua kidogo, mtoto hutaja mwenyewe.

Ama kauli ya kwanza, imekwisha pimwa. Mwaka 2003, huko Seattle, Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9. Baadhi yao walikaa na wasemaji wa Kichina wakichezeshwa na kusomewa, vikao 12, kila kimoja kiasi cha dakika 25. Wakaweza kupambanua sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakizitenganishi. Wengine walionyeshwa watu wale wale katika televisheni, kwa muda ule ule. Hawakupata kitu. Na ajabu gani? Televisheni haioni jicho la mtoto linatazama wapi, wala haingoji jibu lake.

Mtasema: "Mama ana kazi nyingi." Kweli. Lakini kukuna nazi na kuchagua mchele hakuzuii ulimi. Mwambie mtoto unafanya nini, mwulize, naye akibwabwaja mjibu. Na wewe baba, uzungumzaye barazani tangu alasiri hata isha, mwanao amepata maneno mangapi kwako leo? Usimlaumu mkeo peke yake.

Kesho mtoto huyu atamwamkia bibi yake kwa maneno gani? Atauliza kwa lugha gani lililo halali na lililo haramu? Mtoto ni amana, na amana haiwekwi mbele ya kioo ikaachwa. Izimeni televisheni, mpakateni, msemeni naye.

Wabillahi tawfiq.