Watoto wa Magunga hawakuchoma dunia, waambiwe ukweli

Mwezi uliopita nilimtembelea binamu yangu karibu na Magunga, kule Gwassi, Kaunti ya Homa Bay. Yeye ni mwalimu. Mimi chuo kilinishinda mwaka wa pili, kwa hivyo kuketi nyuma ya darasa la sekondari msingi bila mtu kuniuliza karo ni raha ya aina yake.

Somo lilikuwa ongezeko la joto duniani. Linasababishwa na nini? Mikono ikainuka. Kukata miti! Kuchoma makaa! Kutupa plastiki! Mvulana mmoja akasema pikipiki, darasa zima likaangua kicheko. Majibu matatu ya kwanza yakaandikwa ubaoni. La pikipiki likaachwa.

Jameni, la pikipiki ndilo lililokaribia zaidi.

Kukata miti kunachangia, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya joto hili imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa viwandani, kwenye mitambo ya umeme na ndani ya magari. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za gesi ya kaboni katika kila milioni. Leo zimepita 420. Gesi hiyo hukaa juu yetu kama blanketi, joto linashindwa kutoka. Marekani pekee imetoa karibu robo ya kaboni yote iliyotokana na nishati hizo tangu viwanda vianze, na sasa China ndiyo inayoongoza kwa mwaka. Kenya? Hatufiki hata asilimia 1 ya gesi zote za dunia. Na umeme wetu mwingi unatoka kwa mvuke wa Olkaria, mito na upepo wa Turkana.

Sasa fikiria mtoto wa mvuvi anayefunzwa kwamba dunia imeharibiwa na gunia la makaa la mama yake.

Madhara hayo watoto hawahitaji kitabu kuyajua. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvunja rekodi iliyokuwepo tangu 1964. Ufuoni watu walihama, mashamba na vyoo vikamezwa. Upande wa Migori, Mto Kuja umezoea kufurika na kuwafukuza watu wa Nyatike makwao. Sababu inaelezeka kwa lugha rahisi tu: sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huingia kama mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na hewa ikipata joto kwa digrii moja hubeba asilimia 7 hivi ya mvuke zaidi. Mvua ikija, inamwagika kwa fujo. Siyo kila mafuriko ni kazi ya tabianchi, miaka mingine ziwa lilipanda lenyewe, lakini joto linaongeza uzito.

Ukishuka hadi Nyandiwa utaonyeshwa mahali pa Nyamgondho, yule mvuvi wa hadithi za Waluo aliyetajirika kwa baraka za mwanamke aliyenaswa na wavu wake, kisha akalewa na kumtukana. Mwanamke akarudi ziwani, mali yote ikamfuata. Kila mtoto wa Gwassi anaijua. Tofauti ni kwamba safari hii aliyelewa haishi Gwassi, ila ng'ombe wanaozama ni wa Gwassi.

Tukafika kwenye kinga. Jibu: panda miti. Basi. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hadi likizo ya kupanda. Sina neno na miti. Vilima vya Gwassi vinaihitaji ili udongo usiteremke na maji. Ila miche ya shule hupandwa kwa picha, shule inafungwa, Januari jua linawaka, mbuzi wanamalizia. Na wakati huo huo jikoni pa shule kuna rundo la kuni refu kuniliko, moshi ukiingia hadi darasani tukizungumzia hewa safi. Shule nyingi nchini bado zinapikia kuni. Jiko linalookoa kuni lingefunza somo hilo kuliko mabango kumi, na bodi za shule zingeanzia hapo badala ya kununua fulana za siku ya mazingira.

Tukubali pia kwamba mche wa Magunga hautazima mtambo wa ng'ambo. Kuzima mitambo ni deni la wenye mitambo, na mtoto afunzwe kulidai. Kazi yake hapa ni nyingine: kujua mvua yake, ajue lini kupanda mtama, wapi pasijengwe nyumba.

Nilimwambia binamu achukue mkebe wenye kuta zilizonyooka, auweke uwanjani mbali na miti, wanafunzi wapime kwa rula kila asubuhi saa tatu na kuandika milimita daftarini. Miaka mitano, shule ina rekodi yake. Alicheka, akasema hilo halipo kwenye mtihani. Baadaye usiku akaniuliza kama mkebe wa maziwa ya unga unafaa.

Unafaa. Mvua ya kwanza ikinyesha nitampigia simu anisomee namba.