KISOGO BAPA CHA MTOTO MCHANGA



Mtoto anyolewapo nywele siku ya saba, watu wote wa nyumbani hukitazama kichwa chake. Kikiwa kimechongoka kwa taabu ya kuzaliwa, si neno. Aghalabu hurejea chenyewe baada ya majuma machache. Maneno yetu ya leo ni juu ya kisogo kinachokuwa bapa, mara nyingi upande mmoja, katika mwezi wa pili au wa tatu, jambo liwatialo mama wengi majonzi, na wakwe wakapata la kusema.

Mifupa ya fuvu la mtoto ni laini, tena haijaungana. Akilalia mahali pamoja siku zote, mahali pale hubonyea. Ubongo haudhuriki. Tangu madaktari wa Marekani waliposhauri mwaka 1992 kwamba mtoto asilazwe kifudifudi, visogo bapa vimezidi, lakini vifo vya ghafla vya watoto usingizini vimepungua huko kwa zaidi ya nusu. Basi mama asije akamlaza mwanawe kifudifudi usiku kwa kuchelea umbo la kichwa! Wala asimwekee mto.

Alale chali, ila leo kichwa kiwe upande huu wa kitanda na kesho upande wa pili, kwani mtoto hugeukia penye mwanga na watu. Akiwa macho, na mtu yu karibu, alazwe kifudifudi dakika chache, mara kadhaa kwa siku, au juu ya kifua cha baba yake (kina baba nao wana kazi hapa). Kumkanda kichwa ili kiviringe hakufai kitu.

Ulaya huuzwa kofia ngumu za kurekebisha vichwa, kwa fedha nyingi. Uholanzi walijaribiwa watoto 84, nusu wakavishwa na nusu wasivishwe. Natija iliyotangazwa mwaka 2014 ni kwamba walipotimiza miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana baina yao.

Mtoto ageukiaye upande mmoja tu, huenda msuli wa shingo umekaza. Apelekwe hospitali, mama afundishwe kumnyoosha. Na apelekwe upesi zaidi akionekana ana ukingo mgumu juu ya fuvu, au kichwa hakikui. Hapo yamkini mifupa imeungana kabla ya wakati wake, na tiba yake aghalabu ni kupasuliwa, nako hufaa zaidi kabla hajatimiza mwaka.