Kabla hujafuta Windows, jaribu kompyuta ndani ya kompyuta

Leo sina stori za foleni ya kantini. Nina dukuduku kuhusu kompyuta, na wanaualimu wenzangu linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwenzangu wa chumbani alitaka kujifunza Linux. Akaiweka moja kwa moja kwenye laptopu yake, akafika pale anapoulizwa diski igawanywe vipi, akabonyeza tu. Ripoti ya mazoezi ya kufundisha ikaenda na maji, tena zimebaki siku nne za kuikabidhi. Sasa hivi ukimtajia Linux anakuangalia kama umemtukania mama yake. Jamani, kosa si la Linux. Kosa ni kufanyia majaribio kwenye kitu ambacho huna uwezo wa kukipoteza.

Msimamo wangu ni huu: anayeanza, aanze na mashine pepe. Unaweka programu kama VirtualBox, ambayo ni ya bure na ipo tangu 2007, nayo inakutengenezea kompyuta nyingine ndani ya Windows yako. Diski ya hiyo kompyuta ni faili tu. Ukiiharibu unalifuta, unaanza upya, ripoti yako haijaguswa. Tena unaweza kuhifadhi hali ilivyo kabla ya kuchokonoa. Ukiboronga, unarudi pale pale.

Si kwamba ni mteremko. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Mara ya kwanza haikuwaka kabisa, kumbe nilikuwa sijaruhusu mashine pepe kule kwenye BIOS. Nikaruhusu, nikaipa Ubuntu GB 2, ikatambaa kama kobe. Hapo ndipo wengi wanaposema Linux nzito. Hapana! Ni watu wawili wanagombea sahani moja ya ubwabwa. Nikahamia Lubuntu, ambayo ni nyepesi, mambo yakawa afadhali.

Kuna wanaobisha kwamba hiyo si Linux yenyewe. Wana hoja kidogo: mashine pepe haikuonyeshi kama WiFi ya laptopu yako itakubali. Kwa hilo, iwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuisimika. Lakini hiyo ni hatua ya pili.

Mtaniuliza, mwalimu wa Kiswahili na Historia inamhusu nini? Inamhusu sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo kompyuta nyingi za zamani zimeachwa nje. Tukiajiriwa mashuleni, si ajabu tukakuta hizo hizo. Mkuu wa shule atauliza, "Mwalimu, tuzitupe?" Aliyewahi kuiharibu Linux mara kumi kwenye mashine pepe atakuwa na la kujibu. Asiyewahi, atafunga maabara na funguo atamrudishia mkuu.

Sisi tunafundishwa kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kukosea. Basi na sisi tujitafutie mahali pa kukosea bila hasara.

Kazi kwenu wadau. Shusheni hayo mafaili kwa intaneti ya maktaba, msimalize bando. Na ripoti wekeni nakala kwenye flashi, tafadhalini!